Gauni Lililobaki Nje ya Jalada

Ofisini walimwita Hatua, naye hakuchukia. Kila jalada la jarida la muziki alilolipanga alilibandika ukutani mwisho wa korido, akalipa mgongo, akatembea hatua kumi na mbili akizihesabu kwa midomo, kisha akageuka ghafla kama mtu aliyeitwa. Jicho lake likienda moja kwa moja kwenye uso wa mwanamuziki, jalada limepita. Likitangatanga, anarudi mezani na hamwambii mtu. Wapiga picha walimtania kwamba siku moja atahesabu mpaka atokee dirishani. Aliwaacha wacheke.

Miaka tisa ya kazi ilikuwa imemfundisha kuwa mnunuzi haji kutafuta jarida. Anapita na shughuli zake, mkoba begani, mambo tele kichwani, na jalada linapewa muda wa kupepesa jicho tu kumsimamisha. Herufi nyembamba humezwa na jua. Maneno mengi humchosha mtu kabla hajafika. Macho yanayotazama mbele humfanya mpita njia ahisi anajulikana. Zaidi ya hayo yote, Hatua alikijua kibanda cha magazeti. Pale magazeti hayaonyeshwi mazima. Muuzaji huyapanga yakilaliana kama vigae, kila moja likifunika sehemu ya chini ya lenzake. Kinachobaki nje ni kipande cha juu. Kilichoko chini kinamfurahisha aliyelipanga na mama yake.

Aliishi kwa kaka yake, fundi cherehani, katika chumba cha nyuma kilichotengwa na karakana kwa pazia. Mke wa kaka yake alikuwa mwimbaji. Hatua na wifi yake walipatana, jambo ambalo majirani hawakuliona la kawaida, nao walikuwa wakingoja liishe.

Mwaka huo wimbo mmoja wa wifi ulishika kila redio, na mhariri akaamua kuwa jalada lijalo ni lake. Alimkabidhi Hatua kazi, akamwonya kuwa udugu aushushe mlangoni. Nyumbani fundi aliweka kando kazi nyingine zote, na hazikuwa nyingi, kwa kuwa watu siku hizo walinunua nguo zilizokwisha kushonwa. Wiki tatu alishona gauni la buluu, refu hadi chini, lenye marinda membamba kwenye pindo, kila rinda likinyooshwa kwa mkono. Yeye hakusema kwa nini anajichosha hivyo. Mkewe ndiye aliyesema, wakiosha vyombo: watu wakiliona gauni kwenye jalada watauliza limeshonwa na nani, na mlango wa karakana utabishwa tena.

Picha ikapigwa, wifi amesimama mzima kuanzia nywele hadi viatu. Ilikuwa picha nzuri. Hatua akaibandika ukutani, akahesabu, akageuka. Kichwa cha wifi yake kilikuwa kama punje ya haragwe juu ya doa la buluu.

Akaivuta picha karibu, ikakomea magotini. Akageuka: bado. Ikakomea kiunoni, kisha kifuani. Kila alipoivuta, uso ulizidi kusema na gauni likazidi kupungua, mpaka alipofika mabegani na yale macho yakamnasa kutoka upande wa pili wa korido. Alijua limepita, na alijua amekata nini. Akatia karatasi mbili kwenye bahasha, ya gauni na ya uso, akaenda nazo nyumbani.

Aliziweka juu ya meza ya kukatia vitambaa baada ya kula. Wifi aliziangalia kwa zamu.

"Wifi, gauni umelipeleka wapi?"

"Ndani. Ukurasa mzima."

"Ndani nani atafungua?"

"Asiposimama barabarani, hafungui kabisa."

Fundi alikuwa akikata uzi kwa meno. Akainuka, akaenda uani. Wifi alishusha sauti.

"Ningekuwa mgeni usingenikata hivi."

"Ungekuwa mgeni nisingekuletea uone."

Basi Hatua akamwomba jambo moja tu, wafuatane asubuhi kibandani, na atakachokiona huko ndicho kitakachoamua. Wifi alikubali shingo upande. Asubuhi muuzaji alipokea zile karatasi, akazipanga kati ya magazeti mengine kama apangavyo siku zote, hakuulizwa wala hakuuliza. Wale wawili wakavuka barabara.

Wifi alitazama kwa muda. Akauliza yeye yuko wapi. Hatua akamwelekeza: nywele zile, chini ya gazeti la michezo. Gauni lote lilikuwa limefunikwa, marinda na kila kitu. Kisha wifi akaiona ile nyingine bila kuonyeshwa. Mtu mmoja aliyekuwa na haraka zake alipunguza mwendo mbele yake, akaitazama, akaendelea na safari.

"Sawa," wifi alisema. "Nani atamwambia kaka yako kuwa ndiyo hii ya uso?"

Hatua alisema aliyekata ndiye atakayesema. Akamwambia kaka yake mchana uleule. Fundi aliuliza kitu kimoja tu: gauni limebaki kiasi gani? Hatua akaonyesha kwa kidole shingoni mwake mwenyewe. Kola, na vidole viwili vya bega. Fundi akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye cherehani. Kwa siku kumi na moja baada ya hapo alizungumza na dada yake habari za funguo na maji ya kuoga tu. Hatua alianza kuulizia vyumba vya kupanga karibu na ofisi. Alikwenda kuangalia kimoja. Kilikuwa na dirisha zuri.

Siku jarida lilipotoka, fundi alirudi nyumbani na nakala kwapani. Akaiweka mezani, akavaa miwani yake ya kazi.

"Kola," alisema. "Gauni zima hilo, umenibakizia kola."

"Ndiyo, kaka."

"Niliishona asubuhi ileile ya picha, tayari wapiga picha wananipigia honi nje. Mshono umepinda."

Hatua akamwambia kuwa hilo hakuna atakayeliona, watu wanatazama macho.

"Mimi nimeuona nikiwa ng'ambo ya barabara."

Hakuufungua ukurasa wa ndani. Alilishusha gauni kutoka kwenye kiango cha nguo, akalilaza juu ya meza, akaanza kuifumua ile kola polepole kwa ncha ya wembe, ingawa picha ilikwisha kupigwa na hapakuwa na mtu wa kulivaa kesho wala keshokutwa. Alipomaliza alijaribu kutunga uzi kwenye sindano mara mbili, ukamkataa.

"Njoo unitungie, mdogo wangu," alisema. "Wewe si ndiye mwenye macho ya mbali na ya karibu."

Hatua akavuta kigoda, akaketi, akatunga uzi. Hakuondoka mpaka kola ikarudi mahali pake.