Nasikia, Bwana Mganga

Mafuta ya nyonyo yakipashwa moto kwenye kijiko, hata leo mimi hutoka nje. Wenzangu husema yananukia vizuri. Hayanukii vizuri hata kidogo. Kwangu mimi yananuka woga. Ndiyo mafuta aliyonitia mama masikioni kila asubuhi mwaka ule nilipougua surua, usaha ukanitoka, na dunia ikanyamaza.

Msidhani nilimwambia mtu. Nilikuwa na miaka minane, na mwezi uliofuata nilitakiwa kuanza darasa la kwanza katika shule mpya ya kijiji chetu cha ujamaa, kule juu kwenye barabara ya Bumbuli. Mwalimu alikuwa ameshatangaza kwamba mtoto asiyesikia hatampokea, maana hana namna ya kumfundisha. Basi nikajifunza ujanja. Nilitazama midomo. Nilikaa peku kwenye sakafu ya udongo nijue kwa mtikisiko nani anaingia. Chakula kikiiva nilifika wa kwanza, hakuna aliyehitaji kuniita. Tatizo ni pale nilipoitwa nikiwa nimegeuka. Shangazi alikwisha kunichapa mara mbili, midomo yake ikisema sikio la kufa halisikii dawa. Huyo shangazi alikuwa na methali kwa kila kiboko.

Mwalimu akashuku, akataka karatasi ya zahanati. Tulitoka asubuhi ukungu haujaondoka, tukateremka kwa njia ya mkato kandokando ya mashamba ya chai, mama mbele, mimi nyuma. Kila alipogeuka nilimwona ananiuliza jambo kwa Kishambaa, nami nikaitikia "ee mama" bila kujua naitikia nini. Nilijua nikishindwa siku ile, wenzangu wataingia darasani, mimi nitabaki kufukuza nyani kwenye mahindi mpaka niolewe.

Mganga wa zahanati alikuwa mtu mpole, mwenye koti jeupe na haraka nyingi, kwa sababu foleni ilifika nje. Nikamwamkia shikamoo, nikaona midomo ikijibu marahaba. Akaniketisha kwenye benchi nikielekea ukutani, akavua saa yake ya mkononi, zile za zamani zenye mlio. Kisha akainama mbele yangu, akasema polepole, "Nitasimama nyuma yako. Ukisikia, sema nasikia."

Akapotea nyuma yangu. Nikaukodolea ukuta macho. Kimya. Mara spiriti ikanijia upande wa kushoto, ile wanayopaka watu kabla ya sindano, imechanganyika na tumbaku ya vidole vyake. "Nasikia!" nikasema. Ikahamia kulia. "Nasikia!" Jamani, sikudanganya! Kwetu harufu husikiwa, baridi husikiwa, njaa husikiwa, maumivu husikiwa. Aliniuliza kama nasikia, na mimi nilisikia kweli.

Akatabasamu, akaandika karatasi, akagonga muhuri, akampa mama. Nikashuka kwenye benchi nusura nicheze. Tulipofika mlangoni mama akasimama. Akaniwekea mkono begani, akanirudisha mpaka mezani, akaiweka ile karatasi mbele ya mganga. Mkono ule ulikuwa ukitetemeka. Alichosema nilikuja kusimuliwa baadaye.

"Samahani, bwana mganga. Huyu mwanangu anasikia kwa pua."

Mganga alicheka mpaka wagonjwa wakachungulia. Halafu akaacha kucheka. Akaniketisha tena, safari hii akamwambia mama anibane pua. Nikakaa nikihema kwa mdomo, mama kanibana kama mtoto anayenyweshwa dawa, nikisubiri chochote kinijie kwa njia yoyote. Hakikuja. Nilipogeuka, karatasi ilikuwa imeshachanwa.

Nililia njia nzima ya kurudi. Jioni ile sikugusa chakula cha mama, nami si mtu wa kususa chakula. Kila wiki tuliteremka zahanati nikaoshwe masikio na kutiwa dawa, na nilikwenda nimenuna. Sikio la kulia likafunguka taratibu. La kushoto halijafunguka mpaka leo. Shule niliingia mwaka uliofuata, mrefu kuliko wote darasani, nikikaa dawati la mbele.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki nikisema mama alinikasirikia kwa ule ujanja wangu, akakasirika mpaka mkono ukamtetemeka. Siku moja, akiwa mzee, nilimtania hivyo mbele ya wanangu. Akanishangaa.

"Hasira gani, mwanangu? Mtu wa serikali amekwisha kugonga muhuri, mimi hata jina langu sijui kuliandika, halafu nimwambie amekosea? Na shule yenyewe ulivyokuwa unaililia! Niliogopa. Nilikushika wewe nisianguke."

Kumbe siku ile tulikuwa wawili tunaoogopa kwenye chumba kile, na mmoja wetu alikuwa ameniegemea. Mganga nilimsikia kabla hajanifikia. Mkono wa mama ulikuwa begani kwangu kabisa, na sikuusikia.