Halua ya Babu Vina

Katika siku zote nilizoishi Mombasa, mjukuu wangu, ipo moja inayonijia hata nisipoiita. Ilikuwa Ijumaa, baada ya alasiri, Kibokoni, kwenye baraza ya Maalim Bakari. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, na akili nusu. Siku hiyo nilimnyamazisha mzee mmoja mbele ya watu, watu wakacheka, nami nikacheka nao.

Nitakueleza taratibu, maana ukisikia mwisho bila mwanzo utadhani nilikuwa mtu mbaya. Sikuwa mbaya. Nilikuwa kijana anayesifiwa, na mambo hayo mawili wakati mwingine hukaribiana.

Mimi, kama ujuavyo, si mzaliwa wa kisiwani. Nilishuka kutoka Taita na cheti changu, nikapata ukarani bandarini, nikapanga chumba Makupa. Mzee ninayemtaja alikuwa Mwingereza. Jina lake la kwao liliwashinda watu wa mtaa, wakamwita Babu Vina, kwa sababu kazi yake maisha yote ilikuwa kutunga mashairi ya kuchekesha. Alizaliwa katika mji wa mvua na viwanda, mtoto wa fundi wa kofia, na tangu ujana wake gazeti moja la huko lilikuwa likichapa shairi lake kila wiki ili watu wacheke wakinywa chai ya asubuhi. Alikuwa na vitabu viwili vyembamba. Alitunga juu ya meno yake, mwavuli wake, na shangazi yake aliyekuwa akigombana na hali ya hewa kana kwamba ni mpangaji wake. Mkewe alipofariki alikuja Mombasa kufundisha kwa miaka miwili. Miwili ikawa ishirini. Alikaa gorofani kwa Bi Rukia, mjane mwenye nyumba, akila mahamri na mbaazi zake na kuzitungia mashairi mbaazi hizo.

Alikuwa na sheria moja tu katika kazi yake, na niliisikia mpaka nikaichoka: mtu aliyemo ndani ya shairi alisikie kwanza yeye mwenyewe, kabla ya mtu mwingine yeyote. Akitunga juu ya Bi Rukia, atashuka ngazi polepole, amsomee jikoni. Bi Rukia akicheka, shairi litapelekwa posta. Asipocheka, litatiwa katika kopo la biskuti chini ya kitanda na hakuna atakayelisikia tena. Kopo lile lilijaa. Nilimwambia mara moja kwamba mazuri kuliko yote yamo humo, akanijibu kwamba ndiyo, ndiyo maana lina kifuniko.

Mimi nilikuwa mpiga taipu wake. Mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka, basi kila Jumamosi mchana nilikwenda kumpigia yale aliyoandika juma zima. Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliona. Karatasi zake zilikuwa na mapengo. Mstari unakwenda vizuri, kisha pana nafasi tupu, kisha unaendelea. Mwanzoni pengo moja, baadaye matatu, manne. Nikimuuliza, anatazama dirishani na kusema neno litakuja. Halikuwa likija. Nikaanza kuyajaza mwenyewe. Siku moja alinishika mkono akaniomba nisimwambie mtu yeyote, hata Bi Rukia. Nikaapa.

Hiyo ilikuwa siri ya mzee, mwanangu, naye alinikabidhi mimi. Mtu akikukabidhi udhaifu wake amekupa kitu kizito kuliko fedha, lakini mimi nilikiona chepesi.

Kilichoniharibu ni bahasha. Ilikuja kutoka kwao, ndani yake kipande cha gazeti na barua ya msomaji mmoja aliyesifu mstari fulani, akasema alicheka mpaka chai ikamwagika. Mstari ule ulikuwa wangu. Babu Vina alinisomea barua yote kwa furaha na kuniambia sifa ni zangu. Mtu mwenye akili timamu angeridhika. Mimi nilirudi Makupa nikijiambia kwamba nusu ya vicheko vya mzee huyu ni vyangu na dunia haijui.

Sasa sikiliza habari ya baraza, maana bila hiyo hutaelewa kosa langu. Kwa Maalim Bakari, kila Ijumaa, watu walijibizana kwa mashairi. Ukitupiwa ubeti, sharti ujibu kwa vina vilevile na mizani ileile, kabla dele la kahawa halijazunguka mara ya pili. Ukishindwa hupigwi wala hutukanwi, ila Ijumaa inayofuata utaleta sinia ya halua. Babu Vina alikuwa amefundishwa mizani na Maalim mwenyewe, akiihesabu kwa vidole juu ya goti, na kwa miaka mingi hakuwahi kuleta halua. Wenyeji walimpenda kwa hilo. Mzungu aliyejibu kwa vina alikuwa mwenzao.

Ijumaa ile niliomba nafasi. Sikuwa nimemsomea kwanza. Nilisimama nikamtupia hili:

Babu Vina twakujua, gwiji wetu barazani,
Maneno yamepungua, ama yamo kabatini?
Panya wameyachukua, wakayatia shimoni?
Nijibu nipate jua, yamekwenda mji gani.

Watu walipiga makofi. Maalim Bakari alitikisa kichwa kwa kuridhika, maana ubeti ulikuwa umesimama. Hakuna aliyejua kwamba sikuwa nimetunga mzaha. Nilikuwa nimetoa siri ya mtu nikaivika vina.

Babu Vina alitabasamu. Akaweka vidole juu ya goti, akaanza. Alisema, "Maneno..." Akanyamaza. Akaanza tena, "Maneno ya..." Akanyamaza. Watu wakaangua kicheko, kwa sababu walimjua kuwa mchekeshaji, wakadhani anaigiza. Kadiri alivyotafuta neno ndivyo walivyocheka. Dele likazunguka mara ya kwanza, likazunguka mara ya pili. Mimi nilijua. Katika baraza nzima ni sisi wawili tu tuliojua, na aliponitazama hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayengoja nimpe neno, kama nilivyozoea kumpa kila Jumamosi. Nilikuwa nalo. Sikumpa.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Alinyanyuka, akamwamkia Maalim, akaenda zake.

Jumamosi nilipokwenda, mlango wa gorofani ulikuwa umefungwa. Nilibisha, nikasikia kiti kikisogea ndani, lakini haukufunguliwa. Ijumaa iliyofuata hakuja barazani, lakini halua ilikuja. Bi Rukia aliileta kwa mkono wake, sinia imefunikwa kitambaa safi, akasema imetoka kwa mpangaji wake, kwamba ameshindwa na sheria ni sheria. Watu wakaisifu, wakala. Nami nilikula, mwanangu. Nakwambia ukweli ili usije ukanifanya mwema kuliko nilivyokuwa. Nilikula vipande viwili.

Bi Rukia alinisubiri kwenye kona ya nyumba yake. Hakuwa mama wa kupayuka. Aliniamkua, akaniuliza habari za wazee wangu Taita, kisha akaniita karibu kwa Kimvita chake:

"Mwakio, ndoo nikuulize. Yule mzee maneno yuwayatafuta hata ya kuniomba chumvi. Mimi nimeyajua hayo juzi. Wewe uliyajua tangu lini?"

Nikamwambia tangu miezi sita iliyopita.

"Basi ukampiga mtu uliyemshika mikono mwenyewe."

Aliingia ndani akaniacha barabarani. Nimekemewa na wakubwa wengi bandarini, wengine kwa sauti ya kutikisa madirisha, na sikumbuki hata neno lao moja. La Bi Rukia ninalo mpaka leo. Niliona haya, haya ya kweli, ile inayokufanya ubadilishe njia usikutane na watu. Heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilikuwa nimejikwaa ulimi katikati ya mji.

Nilirudi pale mlangoni siku tisa mfululizo baada ya kazi. Sikuwa na la kusema ila kwamba nipo. Siku ya kumi mlango ulifunguliwa. Hakunikaribisha kwa maneno; alinyoosha mkono kuonyesha taipu. Juu ya meza palikuwa na karatasi moja yenye maneno matatu ya Kiswahili, na mengine yamefutwa. Alikuwa anatunga jibu.

Tulilitunga mwezi mzima. Nasema tulilitunga, lakini safari hii hakuniruhusu kujaza pengo hata moja. Nikipendekeza neno anatikisa kichwa. Anakaa, anahesabu kwa vidole, anatazama paa za nyumba za jirani, na neno likija analiandika kwa mkono wake mwenyewe, kisha tunangoja tena. Siku nyingine neno moja. Siku nyingine hakuna. Nilijifunza kungoja pale, kazi ambayo sikuwahi kufundishwa mahali popote. Na nikaona jinsi mtu anavyofanya kazi ya kuchekesha: hakuwa na uso wa mzaha hata kidogo. Alikuwa kama fundi saa.

Lilipokamilika alinipa karatasi, akaelekeza kidole kifuani pangu, kisha dirishani upande wa baraza. Nikaelewa kwamba nitalisoma mimi. Na alinipa kwanza, kwa kuwa mimi nilikuwa ndani yake. Hata mimi alinitimizia sheria yake. Alikaa akinitazama nikilisoma, akingoja kama nitacheka. Nilicheka, kisha nikalia, na yeye akanipa leso.

Ijumaa iliyofuata Bi Rukia alimshika mkono upande mmoja, mimi upande mwingine, tukaenda naye barazani. Nilisimama palepale nilipokuwa nimesimama, nikasema nimeleta jibu la Babu Vina, limechelewa kwa sababu yangu. Nikaeleza mbele ya wote kwamba siku ile hakuwa akiigiza, kwamba nilijua na nikafanya kusudi. Nikasoma:

Meno nimeshayatua, yalala bilaurini,
Nywele nazo zapungua, zimehamia puani,
Maneno nayo najua, yamo kwako mfukoni,
Mwanangu ukishakua, nirudishie kinywani.

Nilipokuwa nikisoma niliviona vidole vyake juu ya goti vikihesabu mizani, nane na nane, asinipe nafasi ya kukosea. Kwenye mstari wa pua Maalim Bakari alicheka mpaka kofia ikadondoka. Kwenye mstari wa mwisho hakuna aliyecheka. Maalim alifuta macho, akanigeukia akaniambia zamu ni yangu, nijibu. Dele lilizunguka mara ya kwanza, likazunguka mara ya pili. Sikuwa na jibu.

Ijumaa iliyofuata nilileta halua. Babu Vina alikula vipande viwili, akaninyooshea vidole viwili nivione. Bi Rukia alikuwa amemsimulia vile viwili nilivyokula mimi.

Aliishi miaka miwili zaidi. Maneno yalizidi kumhama, na kila Ijumaa nilikuwa nikimsemea barazani yale aliyoandika, na mengine aliyonionyesha kwa mkono tu. Gazeti la kwao liliacha kuchapa mashairi yake. Hakuonekana kujali sana. Siku alipofariki, kopo la biskuti tulilifungua mimi na Bi Rukia, tukasoma shairi moja, kisha tukayachoma yote kama alivyotaka. Lile tulilosoma lilikuwa zuri mno. Sitakwambia lilimhusu nani.

Sasa nije kwako. Juzi ulinionyesha simu yako, na ndani yake yule mzee anayeuza kashata kule ufukweni Mama Ngina, akimtajia mteja bei mara tatu, kila mara akisahau kwamba ameshaitaja. Video hiyo umeitia muziki. Ukaniambia maelfu wameicheka, nami nikasema nitakuambia neno baadaye. Baadaye ndiyo hii.

Sikukatazi kuchekesha. Kuchekesha ni kazi njema, na nimemwona mtu akiifanya mpaka mwisho wa pumzi yake. Lakini mzaha mzaha hutumbua usaha. Mwenye kuchekesha aanze kujiangusha mwenyewe, na akitaka kumtia mtu mwingine, aende kwake kwanza, akae naye, amwonyeshe. Akicheka mwenyewe, dunia nzima na icheke. Asipocheka, tafuta kopo lenye kifuniko. Na yule asiyeweza kukujibu, mwanangu, usimtupie neno kabisa, hata likiwa na vina vizuri namna gani. Kesho alasiri nenda Mama Ngina na simu yako, umwamkie mzee yule, umwonyeshe alichofanyiwa. Halafu ungoje. Usimharakishe akitafuta la kukwambia. Na usirudi bila kashata.

Wahenga walisema mcheka kilema hafi bila kumfika. Umeona leo asubuhi nilivyosimama mlangoni nikitafuta jina la mama yako, binti yangu niliyemzaa mimi. Umeona, na hukucheka, ukalitaja polepole kama vile ulikuwa unamwita tu. Kwa hilo nimejua kwamba kazi yangu kwako si ngumu.

Mungu akupe ulimi wa kufurahisha watu na moyo wa kuuzuia. Akupe marafiki wanaojibu. Na siku yako itakapofika, maneno yakaanza kukuhama moja moja, Mola akujaalie mtu mmoja aliyekwisha kukua, akurudishie kinywani. Amina.