Sikio la Upande wa Pili

Mwalimu mkuu wetu hana haja ya maswali ili kumjua mtoto aliye tayari kuanza darasa la kwanza. Sikio linamtosha. Hupangusa chaki vidoleni, kisha huamuru kwa sauti ya daktari bingwa: "Pitisha mkono juu ya kichwa, ushike sikio la upande wa pili. Shingo usiinamishe." Vidole vikifika, mtoto ana akili. Visipofika, arudi nyumbani akarefuke. Juzi binti mmoja alipungukiwa kidogo tu, na alipokuwa akisubiri hukumu akasoma kwa sauti tangazo zima lililobandikwa ukutani, mpaka jina la mwalimu mkuu pale chini.

"Kusoma anasoma," bwana mkubwa alikiri, "lakini mkono bado, mama. Mlete mwakani."

Mama akaushika mkono huo huo mfupi, wakaondoka. Aliyefuata alikuwa mjukuu wa mwalimu mkuu mwenyewe. Mkono wake uliishia utosini. Babu akakiinamisha kile kichwa kwa upole wa kinyozi, mpaka sikio likavifuata vidole.

"Huyu ameiva," akaniambia mimi karani wake, niandike. Mjukuu akanyoosha mikono yote miwili, akaomba abebwe.