Dereva wa Mkongeni

Mjomba wangu Mashaka alikuwa dereva maisha yake yote, na honi aliipiga kwa namna yake: mara tatu fupi, kisha moja ndefu. Aliipiga kwenye kila kona, pawe na watu au pasiwe. Nyumbani kwetu Mkuza, Kibaha, tulijua anakuja kabla vumbi lake halijaonekana. Mama, ambaye ni dada yake mkubwa, alimwambia mara nyingi, "Mashaka, siku utakayokufa hatutapeleka habari kwa mtu. Tutapiga honi, waje wenyewe."

Alianza na malori ya kokoto, akaendesha basi la Mlandizi, akaendesha magari ya serikali. Mwaka wa Operesheni, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, alipewa lori upande wa Kisarawe. Kuhusu kazi nyingine zote alikuwa na visa vya kutuchekesha hadi usiku. Kuhusu mwaka ule hakuwa na kisa. Ukimwuliza, alisema aliendesha, basi.

Mwaka wa 1980, nikiwa likizo kutoka Chuo Kikuu, aliazima pikapu ya Peugeot ya rafiki yake Telesphory ili Jumapili moja atupeleke Pugu. Tungeyaona mapango yaliyochimbwa udongo mweupe, na popo wake, kisha tule wali wetu kivulini na kurudi. Ilibidi tuwahi. Siku zile, ili kuokoa petroli, magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa kuwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana. Tuliondoka mapema, mama mbele na mjomba, mimi nyuma na wadogo zangu wawili na kikapu cha chakula.

Tulipoiacha barabara kuu na kushika njia ya Kisarawe, tulikuta daraja la magogo limekwenda na maji. Mjomba alishuka, akasimama ukingoni muda mrefu kuliko ulivyohitajika kuona kwamba daraja halipo.

"Turudi," mama alisema. "Popo hawatahama."

"Ipo njia ya malori. Ya zamani."

"Inapita wapi?"

"Inapita tu, dada."

Njia ile ilikuwa imefungwa na vichaka. Matawi yalikwaruza ubavu wa gari, nasi kule nyuma tulilala chini tusipigwe usoni. Tulikwenda hivyo kwa muda. Kisha matawi yakaacha kutupiga. Niliinuka kutazama, nikaona njia imefyekwa pande zote mbili, na juu ya mchanga kuna michoro ya ufagio, mipya, kama imefagiliwa asubuhi hiyo. Mbele palikuwa na kona. Mkono wa mjomba ukapiga honi kwa mazoea, tatu fupi na moja ndefu, halafu akauondoa upesi kama aliyegusa sufuria jikoni.

Baada ya kona ilikuwa Mkongeni. Jina nililijua baadaye. Wakati ule niliona nyumba tu, na uwanja. Nyumba nyingine zilikuwa zimesimama, makuti yake yamebadilishwa. Nyingine zilikuwa zimeanguka zamani, limebaki tuta la udongo na mti mmoja wa mlango. Lakini mbele ya kila moja, iliyosimama na iliyoanguka, uwanja ulikuwa umefagiliwa. Nyayo zilikuwa za mtu mmoja, peku, zikitoka mlango hadi mlango.

Mama alishuka. "Hodi," alisema kwenye nyumba ya karibu. "Hodi wenyewe."

"Karibuni," sauti ilijibu, si kutoka nyumba ile, bali kutoka ya mwisho kabisa. "Wa hapo wametoka kidogo. Watarudi."

Akatokea bibi mmoja mwembamba, mzigo kichwani, mkeka kwapani. Hakututazama sisi. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye dirisha la mjomba.

"Umechelewa, dereva."

"Shikamoo, bibi," mjomba alisema. Sauti yake sikuitambua.

"Marahaba. Nilianza kusema labda umepata pancha."

Mama aliwatazama wote wawili. "Mashaka, unamjua huyu?"

Mjomba alisema, huku ameshika usukani, kwamba anaitwa Bi Mwamini. Siku ya kuhamisha Mkongeni lori lilijaa, na alipoondoka bibi huyu ndiyo kwanza anarudi kutoka kisimani. Alimwambia, kaa hapa hapa, bibi, usiondoke, nitarudi kukuchukua. Jioni ile ile ofisi ilimpeleka wilaya nyingine. Alidhani lori jingine litampitia.

"Nami sikuondoka," Bi Mwamini alisema.

"Umeishi na nani miaka yote hii, mama yangu?" mama aliuliza.

"Na wenzangu."

Akazunguka nyuma ya pikapu, akaweka mzigo, akawageukia wale ambao sisi hatukuwaona. "Salehe, panda. Mama Maneno, panda, mshike mtoto. Abdala, usisukume." Alisubiri baada ya kila jina, muda ambao mtu angetumia kupanda. "Mwinyijuma, wewe kaa mwisho, una miguu mirefu." Kisha akaniambia mimi, kwa upole, "Mwanangu, sogea. Umemkalia mwenzio."

Nilisogea. Wadogo zangu walisogea bila kuambiwa. Tukabanana kwenye pembe, na sehemu kubwa ya gari ikabaki wazi.

Mjomba aliwasha gari, likaenda kidogo, akasimama. Alishuka, akainama kutazama springi za nyuma, akarudi kwenye usukani. Mlima mdogo uliokuwa mbele aliupanda kwa gia ya kwanza, polepole, kama tulivyoona malori ya saruji yakipanda.

"Tunampeleka wapi?" nilimsikia mama akiuliza.

"Kijiji cha Azimio. Ndiko nilikowapeleka wenzake. Kama yuko mtoto wake, yuko huko."

"Na akikataliwa?"

Mjomba aliingiza gia ya pili.

Saa nane ilitukuta Azimio. Watu walikuja wakikimbia kwa sababu ya gari, wakaacha kukimbia walipoona nani ameketi ndani. Bi Mwamini alikataa kushuka mpaka amewashusha wenzake wote, mmoja mmoja, na wenye majina hayo, ambao sasa ni wakazi wa Azimio, wamesimama pale pale wakisikia wakiitwa. Salehe, mzee mwenye kofia ya kitambaa, alirudi nyuma hatua chache alipotajwa.

Binti wa Bi Mwamini, Mboni, alibaki mlangoni ameshika mwimo.

"Mama yangu nilimsomea arobaini," alisema.

"Huyu umemtoa wapi?" Salehe alimwuliza mjomba.

"Mkongeni."

"Mkongeni iliungua. Tuliambiwa sisi wenyewe, na tukakatazwa kurudi."

"Haikuungua, mzee. Nimetoka huko sasa hivi."

Hakuna aliyesogea. Mjomba aliutazama mlango wa gari. Nilijua anachokiogopa: kwamba atamrudisha bibi huyu garini na hatakuwa na mahali pa kumpeleka, kwa mara ya pili.

Bi Mwamini alikuwa amekunja uso, lakini kwa jambo lake mwenyewe. "Mboni, kwa nini nikikuita huitiki?"

"Unaniita lini?"

"Kila magharibi. Nawaita wote, kila mtu mlangoni kwake. Haitiki hata mmoja. Nikasema, watu hawa wamepata kiburi gani?"

Wanawake waliokuwa wakinong'ona waliwavuta watoto wao karibu. Huku kwetu, mtu akisikia jina lake magharibi na hamwoni anayeita, haitiki. Watoto wanafundishwa hivyo kabla ya kujua kuhesabu. Salehe alivua kofia yake, akaivaa tena. Alisema tangu walipohamia hapo wamekuwa wakiitwa. Mwanzo kila mtu alidhani ni yeye peke yake. Baadaye waliambizana, wakawa wanaingia ndani mapema.

Mboni aliongea akitazama chini. "Sauti niliijua. Ndiyo maana nilifunga mlango."

"Basi leo nitaita mkiuona mdomo wangu," mama yake alisema. "Siingii ndani watu wangu wako nje."

Alikaa kwenye mkeka wake uwanjani na hakugusa maji aliyoletewa. Kwa ile sheria ya saa nane, sisi tusingeweza kuondoka hadi kesho, nasi tukakaa. Jua lilipozama na watu wakatoka kuswali, akasimama.

"Salehe."

Mzee aliutazama kwanza mdomo uliomwita. "Naam," Salehe aliitika.

"Mama Maneno."

"Abee."

Akaita hivyo, na sauti zikajibu kutoka milangoni. Alipomwita Mboni, Mboni aliitika akiwa tayari analia. Bi Mwamini alitikisa kichwa kwa kuridhika, akageuka upande wa gizani.

"Mwinyijuma."

Hakuna aliyeitika. Mwinyijuma alikuwa amefia Azimio miaka miwili kabla. Kaburi lake liko nyuma ya shule. Mjane wake alikuwa miongoni mwetu.

"Mwinyijuma. Ulipanda gari mbele yangu, usinitanie."

"Mama, ingia ndani," Mboni alisema. "Wengine wote wameitika."

"Namsubiri."

Watu walianza kurudi ndani, na milango ikafungwa, mmoja, kisha mwingine. Mboni alisimama katikati, hajui aende kwa nani. Bi Mwamini akafungua mdomo kuita tena.

"Naam," mjomba alisema.

Mama alimshika shati. "Mashaka, usiitikie jina la maiti."

Mjomba aliutoa mkono wa mama taratibu, akatoka kwenye kivuli cha gari hadi kwenye mwanga wa koroboi. "Naam, bibi. Nimefika."

Bi Mwamini alimtazama kuanzia usoni hadi miguuni, kwa muda mrefu. Nilidhani atamkana.

"Umefika," alisema. Akachukua mkeka wake, akampa Mboni mkono, wakaingia ndani, na mlango ukabaki wazi.

Asubuhi tulirudi Kibaha kwa barabara kubwa. Gari lilikuwa jepesi na mjomba aliliendesha vizuri kama siku zote. Karibu na kituo cha Picha ya Ndege mama alitaka tusimame anunue mihogo. "Mashaka," alimwita, hakuitika. Akamwita tena, akamgusa bega, ndipo mjomba akageuka.