Mnyororo wa Tagi ya Vita

Mnyororo ule niliununua Kirando, nilipoteremka ziwani kufuata dagaa. Mama aliyeniuzia alisema wavuvi waliuopoa kutoka kwenye tagi, kile kimeli kifupi cha kuvuta vyombo vikubwa bandarini. Wakati wa vita ya Wajerumani kilikuwa kinavuta tishari, chombo cha mizigo kisicho na injini, lililojaa wapagazi, kikapigwa mzinga, kikazama nalo likiwa bado limefungwa kwa mnyororo huo.

"Kaka, huo usifungie kitu chenye uhai," akaniambia.

Nilicheka mpaka dagaa waliokauka wakanigeukia. Nikarudi na mnyororo Ufipa, nikamfungia maksai wangu mmoja tu, ndiye anayenilimia ulezi. Bila yeye wanangu wangekula upepo, ingawa upepo huku tunao wa kushiba.

Asubuhi ya kwanza nikamkuta anatazama magharibi, upande wa ziwa. Kigingi kilikuwa kimesogea hatua tatu, na udongo haukuchimbuka hata kidogo. Asubuhi ya pili, hatua kumi. Ya tatu alikuwa ameshafika uzio wa jirani, anakoroma, ulimi nje, mnyororo umekaza shingoni.

Mke wangu akasema, "Baba watoto, mfungue huyo kabla hajafika Kirando bila nauli."

Nikamfungua. Maksai akamkimbilia mke wangu. Mnyororo haukuanguka. Ulibaki umenyooka hewani kuelekea ziwani, usawa wa kiuno changu, unatetemeka na kudondosha maji.

"Twende tukalime," mke wangu akasema polepole.

Tukaenda. Siku hiyo mimi ndiye niliyetangulia mbele ya maksai, macho mbele, nisije nikageuka nikauona ule mnyororo.