Makondo ya Masese

Bi Hajarah hakukatiza ua wake hata siku moja. Akitoka jikoni kwenda kuanika nguo, alizunguka kipande cha ardhi karibu na mlango wa nyuma, kipana kama ungo, kisicho na alama yoyote. Hapo alizika kondo la nyuma la mwanawe wa pekee, Fatumah, mwaka wa hamsini na tano. Alikuwa mkunga wa Kinubi pale Masese, pembeni mwa Jinja, na kwa miaka arobaini alizika makondo ya mtaa mzima, kila moja kwenye ua wa mzazi wake. Akikutana na mtu mzima njiani, alijua kondo lake liko wapi.

Mwaka wa tisini na sita miguu yake ilivimba, pumzi ikawa ya kuazima. Fatumah, mwalimu wa biolojia Mbale, aliomba ruhusa ya siku tatu aje amchukue, wakae wote kwake Malukhu, mtaa wa Mbale ulio karibu na hospitali. Daktari alikuwa amesema wazi: akibaki peke yake, hamalizi mwezi.

"Sihami," alisema Bi Hajarah. "Kwetu ni hapa."

Jirani yao Nabirye, Msoga, mwenyeji wa asili wa pale, aliyekuwa akimenya matoke barazani, akacheka. "Kwenu Sudani, Hajarah! Babu yako aliletwa na Waingereza, askari mwenye bunduki."

"Na mapacha wako niliwapokea kwa bunduki?"

Siku ya pili Fatumah alijaribu njia nyingine. Alimweleza yale aliyosoma kwenye jarida: watafiti wa Marekani walikusanya makondo mia moja arobaini na saba ya wanawake wa asili mbalimbali, wakapima kitu ambacho mtoto hurithi kwa mama peke yake. Wakarudi nyuma, mama kwa mama, hadi kwa mwanamke mmoja, yamkini wa Afrika, miaka kama laki mbili iliyopita. Hakuwa peke yake duniani. Ila mnyororo wa mabinti zake ndio haukukatika. Wazao wake wakahama, wakaenea kote.

"Wataalamu wengine wanabisha, mama. Wanasema watu wa leo walitokea polepole, mabara mengi kwa pamoja."

"Hao hawajazalisha. Mtoto mmoja hazaliwi nyumba tano."

"Basi unaona? Watu wote walihama. Hata wewe waweza."

Bi Hajarah alifikiri. "Walipomaliza kuyapima hayo makondo, waliyazika wapi?"

Fatumah hakujua. Jarida halikusema.

"Ndiyo maana wanatafuta kwao hadi leo."

Fatumah hakuwa na mtoto. Mnyororo ule ungeishia kwake. Aliliwaza jambo hilo kama swali la mtihani wa mtu mwingine. Siku ya tatu alifunga mkoba wake peke yake, akaahidi kurudi Ijumaa.

Habari zilimfikia Jumatano, akiwa darasani. Alimaliza kipindi, akafuta ubao, ndipo akaomba ruhusa.

Siku ya maziko watu walijaa uani, wakakatiza walivyotaka. Mafiga ya pilau yakawekwa palepale karibu na mlango wa nyuma. Fatumah aliona. Alingoja machozi, hayakuja. Kilichomjia ni ile asubuhi ya kuondoka, alipotoka mbio kwa mlango wa nyuma na mkoba begani akiwahi gari la Mbale, na mama yake, kitini, akainua fimbo.

"Zunguka, Fatumah. Unajikanyaga."