Nyenje ya Mama

Leo saa sita nimekula chakula ya kinyonga wangu.

Bandugu, musicheke kwanza.

Hapa Katindo niko nafuga nyenje ndani ya beseni, sababu kinyonga hakuli kitu yenye haitembei. Batoto ya nyenje ninabapa karoti, na maji kwa pamba tu, sababu kwa sahani banazama.

Mama yangu alitufikia kutoka Lubero. Vita ilimufukuza, shamba ikabaki. Toka afike hajacheka.

Leo narudi kutoka kazini, nakuta meza tayari: bugali, na nyenje zote kubwa zimekaangwa na chumvi.

"Mutoto wangu, kumbe unafuga chakula ya kwetu! Bale badogo nimebaacha, bakomale kwanza."

Nikanawa mikono.

Tulikula. Akanielezea namna baba yake alikuwa anazichimbua shambani, akiimba vibaya. Akacheka mupaka machozi.

Sasa amechuchumaa kwenye beseni, anabakatia badogo karoti.

Nimuambie ao ninyamaze?

Kinyonga ananiangalia na jicho moja. Ya pili iko kwa Mama.